Gazeti la ndugu Cullen na maji ya mto Raccoon

Wandugu, hii hadithi niliipata kupitia azoti. Wakati wa memwari ya lisansi nilikuwa natafuta mifano ya nitrati yenye kutoka shambani na kuingia mtoni, na karibu kila makala ilinirudisha pahali pamoja: jimbo la Iowa, Marekani, mto Raccoon. Na pembeni ya jina la mto kulikuwa mara kwa mara jina la gazeti moja, Storm Lake Times. Jina linasikika kama la gazeti kubwa, lakini lilikuwa mali ya familia moja, lilikuwa linatoka mara 2 kwa juma, nakala karibu 3,000, ndani ya mji wa watu kama 11,000. Kwetu kuko kartye moja tu yenye kupita hiyo hesabu. Nikaweka azoti pembeni kidogo, nikafuata gazeti. Ilinikulia mega mingi lakini sijuti.

Tuanze na mahali. Iowa imegawanyika kaunti 99. Kaunti tuiweke kama teritware kwetu, tofauti ni kwamba madiwani wake wanachaguliwa na raia. Storm Lake ni makao makuu ya kaunti ya Buena Vista, kaskazini-magharibi ya jimbo, kando ya ziwa lenye jina hilohilo. Kulia mahindi, kushoto soya, nyuma nguruwe. Na kuko abatwari kubwa ya kuchinja nguruwe. Zamani ilikuwa ya kampuni ya Hygrade, na mfanyakazi wake alikuwa na sendika, na mshahara wenye kulisha jamaa. Hygrade ikafunga mwaka 1981. Mwaka uliofuata kampuni nyingine, IBP, ikafungua tena lile jengo, bila sendika, na mshahara wa chini sana. Wenyeji wengi hawakuitaka ile kazi tena. Wakaja watu wa Laos waliokimbia vita, kisha Wamexico, kisha wengine kutoka pande nyingi za dunia. Mwaka 2001 IBP nayo ikanunuliwa na Tyson. Leo ndani ya shule za Storm Lake watoto wa wahamiaji njo wengi.

Naeleza haya yote juu gazeti la mji haliwezi kueleweka bila mji wenyewe.

Miaka ya 1980 ilikuwa mibaya kwa wakulima wa kule. Walikuwa wamekopa pesa benki kwa kununua mashamba wakati bei iko juu, riba ikapanda, bei ya mavuno ikashuka, wengi wakanyang'anywa ardhi. Magazeti nayo yalianza kubadilisha mikono. Gazeti kubwa la jimbo, Des Moines Register, lilikuwa la familia ya Cowles tangu 1903, na lilikuwa linasomwa ndani ya kaunti zote 99. Mwaka 1985 familia ikaliuza kwa kampuni ya Gannett, yenye kumiliki magazeti nchi nzima. Ndani ya hiyo hewa, mwaka 1990, mtoto mmoja wa Storm Lake, jina lake John Cullen, akaamua kuanzisha gazeti jipya. Na mji ulikuwa tayari na gazeti! Lilikuwa linaitwa Pilot Tribune, lenye mizizi ya karne ya 19. Mtu wa hesabu angemwambia asijaribu: mji mdogo, wakulima wamefilisika, maduka yanafunga, na mshindani ameshakaa pale tangu wakati wa babu zake.

John akamuita mdogo wake, Art, mwenye alikuwa anafanya kazi ya uandishi ndani ya magazeti mengine ya Iowa. John akawa mwenye kusimamia biashara, Art akawa mhariri. Kisha jamaa yote ikaingia, vile inakuwaga hata kwetu kwenye duka la familia. Mary, bibi ya John, akaandika juu ya mapishi. Dolores, bibi ya Art, akapiga picha na kuandika hadithi za watu wa mji. Baadaye Tom, mtoto wa Art, akawa ripota wa mambo ya kaunti. Wafanyakazi wote walikuwa karibu 10, nusu yao Wacullen. Kulikuwa hata mbwa.

Kuhusu ukurasa wa kwanza, Art anajulikana kwa kanuni yake ya mchezo-mchezo: kila toleo liwe na mtoto mchanga, mbwa, moto na ajali ya gari. Watu wanacheka, lakini ile kanuni ni ya biashara kamili. Habari za Rais unaweza kuzisoma popote. Picha ya mtoto wa jirani mwenye alishinda mashindano ya nguruwe wa maonyesho, hiyo utaipata ndani ya Storm Lake Times tu. Mama wa mtoto atanunua nakala, bibi yake atanunua mbili.

Pesa ya gazeti la namna hii inatoka sehemu tatu au ine. Kuko wasomaji wenye kulipa kwa mwaka. Kuko matangazo ya maduka, benki, wauza magari, wauza mbegu. Kuko matangazo ya kisheria: kaunti na komine zinalazimishwa na sheria kuchapisha bajeti zao, maamuzi ya vikao na mambo ya namna hiyo ndani ya gazeti, na zinalipia. Angalieni vizuri hii ya mwisho. Diwani mwenye gazeti linamchunguza njo diwani mwenye kupiga kura ya kuchagua gazeti gani litapewa matangazo ya kaunti. Na mwenye duka la mbegu mwenye kulipia nusu ukurasa ni rafiki wa yule diwani, na wote wawili wanasali kanisa moja na mhariri. Ndani ya mji wa watu 11,000 hakuna kujificha.

Sasa turudi kwa udongo, juu hapa njo mambo yanakuwa matamu.

Kabla ya jembe, sehemu kubwa ya kaskazini ya Iowa ilikuwa majani marefu na vidimbwi. Maji yalikuwa hayana njia ya kutoka. Kuanzia karne ya 19 wakulima wakazika mabomba ya udongo wa kuchoma chini ya mashamba, kama mita moja hivi ndani, maji yapate njia. Siku hizi mabomba ni ya plastiki. Bomba la shamba linaingia mfereji, mfereji unaingia mto. Na kwa sababu maji ya jirani yanapita kwako, wakaunda shirika za mifereji zenye nguvu ya kisheria, na mara nyingi wasimamizi wake ni walewale madiwani wa kaunti. Bila ile kazi Iowa isingekuwa na udongo wa kutoa mahindi yenye tunasoma ndani ya vitabu. Mimi kama mtu wa agronomia sitaicheka. Ni kazi kubwa ya akili.

Lakini kila kitu kiko na bei. Mwenye alikuwa analala ndani ya kozi ya pedolojia nimkumbushe: chembe za udongo wa mfinyanzi ziko na chaji hasi. Amoni iko na chaji chanya, udongo unaishika. Nitrati iko na chaji hasi sawa udongo, kwa hiyo haishikwi, inaogelea ndani ya maji. Bakteria zinageuza amoni kuwa nitrati, mvua inakuja mwezi wa 4, wa 5, wa 6, mahindi bado madogo, mizizi haijafika mbali. Nani atakunywa ile nitrati? Hakuna. Ndani ya kidimbwi cha zamani maji yangekaa, udongo ungekosa hewa, bakteria zingine zingerudisha ile azoti angani kama gazi. Bomba linanyima zile bakteria wakati. Maji yanakimbia na nitrati yake moja kwa moja mpaka mtoni.

(Kwetu wengi wetu tunalia kilio cha upande mwingine, udongo unachoka juu hakuna kitu kinarudishwa ndani. Ukimwambia mkulima wa milimani ya Kivu kwamba kuko nchi yenye mbolea inakuwa mingi mpaka inaharibu maji ya kunywa, atafikiri unamchezea.)

Mto Raccoon unashuka kusini-mashariki mpaka Des Moines, mji mkuu wa jimbo. Kule, regideso yao, inaitwa Des Moines Water Works, inachota maji ya huo mto kwa watu karibu 500,000. Sheria ya Marekani inasema nitrati ndani ya maji ya kunywa isipite miligramu 10 za azoti kwa litre, hasa juu ya watoto wachanga: ikizidi, damu yao inashindwa kubeba oksijeni, ngozi inakuwa ya bluu, mtoto anaweza kufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ile regideso ikalazimika kujenga mashine ya pekee ya kutoa nitrati, moja ya mikubwa duniani kwa kazi hiyo. Mwaka 2015 mashine ilizunguka siku 177. Umeme, chumvi, mishahara, yote ililipwa na mwenye kufungua robine mjini, hapana na mwenye kumwaga mbolea juu.

Mwezi wa 3 mwaka 2015 Water Works ikashitaki kaunti tatu za juu ya mto kwenye korti ya shirikisho: Sac, Calhoun na Buena Vista. Neno lake lilikuwa hili: yale mabomba na mifereji ni sawa bomba la usine, basi yaombe ruhusa na kufuata kipimo sawa usine. Sheria ya maji safi ya Marekani inaachilia maji yenye kutoka shambani, hivi kesi ingeshinda, kilimo cha Iowa nzima kingebadilika. Madiwani wa kaunti, kama wasimamizi wa mifereji, wakajikuta washitakiwa.

Hapa gazeti la familia linaingia. Kaunti ya Buena Vista ilichukua mavoka wa bei kali, wa Des Moines na hata wa Washington. Tom, kazi yake ilikuwa kukaa ndani ya vikao vya madiwani, vile vikao vyenye hakuna mtu anapenda kwenda, na swali lake lilikuwa la mtoto wa shule: nani analipa? Hesabu ilipita dola milioni 1, na haikuonekana ndani ya bajeti ya kaunti. Madiwani wakajibu kwamba raia watulie, kuko marafiki wanalipa, kodi yenu haiguswi. Marafiki gani? Pesa zilikuwa zinapita ndani ya mfuko wenye uliandaliwa na Agribusiness Association of Iowa, shirika la makampuni yenye kuuza mbolea, mbegu na dawa za shamba. Majina ya wenye kutia pesa ndani ya mfuko hayakutolewa.

Baba akaanza kuandika tahariri. Nimesoma zile za mashindano, zote 10, zingine mara mbili. Haziko na maneno ya kupanda mlima. Ni mtu anaongea na jirani zake, anawatania, anawakasirikia, anawaeleza sheria. Hoja yake kubwa haikuwa hata nitrati, ingawa ya nitrati aliisema wazi: mto umechafuka, kila mtu anajua, tuache kujifanya. Hoja kubwa ilikuwa kwamba serikali ya raia haiwezi kutetewa kortini kwa pesa za watu wenye raia hawajui majina yao. Mwenye kulipa avoka njo mwenye kuamua kesi itaendeshwa namna gani. Labda raia wa Buena Vista wangependa kukaa chini na Des Moines na kupatana, lakini mwenye mfuko alitaka kupigana mpaka mwisho, juu yeye alikuwa analinda biashara ya nchi nzima. Nafikiri alikuwa na haki kabisa, na nafikiri ile hoja inatuhusu sisi kuliko nitrati.

Gazeti likashirikiana na Iowa Freedom of Information Council, muungano wenye kutetea haki ya raia ya kuona karatasi za serikali, likadai nyaraka. Sheria ya Iowa iko wazi: karatasi ya serikali ni ya raia. Ikabishaniwa miezi mingi. Mwishowe, chini ya ule msukumo, ile mipango ya pesa za siri ikavunjika, na sehemu ya karatasi ikatoka nje.

Je, walipoteza? Ndiyo. Walisema wenyewe kwamba kuko marafiki walipotea, wasomaji wamoja wakaacha kulipa, na matangazo wamoja yakaondoka. Hapa njo nataka wandugu wa promo za uchumi waangalie. Gazeti la kampuni kubwa lingekuwa na mkurugenzi mahali mbali, mwenye kuona ile mistari ya matangazo imepungua na kupiga simu. Kwa Wacullen, mwenye kuandika, mwenye kupiga hesabu na mwenye kupata hasara ni watu wa jamaa moja. Hakuna wa kupiga simu. John angeweza kumwambia mdogo wake wakati wa chakula cha jioni, "wacha hii, tutafunga." Hakusema.

Lakini tusifanye kama familia yenyewe njo dawa. Familia yenye gazeti inaweza kuwa ile inayokula na gavana. Tunajua vizuri kwetu namna habari inaweza kulipiwa, hakuna mtu hapa hajui coupage, bahasha yenye mwandishi anapewa na mwenye kuandaa mkutano. Na yule mwandishi mara nyingi si mtu mbaya, ni mtu hajalipwa miezi mitatu. Tofauti ya Storm Lake ni kwamba wenyewe walikubali kukaa maskini kidogo kwa makusudi. John alifika pahali akaacha kuchukua mshahara, akaishi kwa pensheni ya serikali. Gazeti halikuwa linatajirisha mtu. Lilikuwa linalisha jamaa, lakini kwa shida.

Mwisho wa kesi unachekesha na kuumiza. Mwezi wa 1 mwaka 2017 korti kuu ya Iowa ikasema shirika za mifereji haziwezi kudaiwa malipo kwa sheria ya jimbo. Mwezi wa 3 jaji wa shirikisho akaitupa kesi yote. Maji yakashindwa. Majuma machache baadaye, mwezi wa 4, ikatangazwa kwamba Art Cullen amepata tuzo ya Pulitzer ya tahariri, ile kubwa kabisa ya uandishi wa Marekani, pamoja na dola 15,000. Alishinda mbele ya magazeti yenye kuwa na wafanyakazi mia na mia. Watoa tuzo walisifu uchunguzi wake wa kung'ang'ania na ujuzi wake, na namna alivyosimama mbele ya wenye nguvu wa kilimo cha biashara. Sehemu ya ule uchunguzi ilikuwa miguu ya Tom.

Basi, mtu anaweza kufikiri kwamba baada ya Pulitzer pesa ziliingia. Jina liliingia. Wagombea wa urais wakaanza kupita kwa ofisi yao ndogo, na mwezi wa 3 mwaka 2019 mdahalo wa wagombea juu ya maisha ya vijijini ukafanyika palepale Storm Lake, ndani ya chuo kikuu cha Buena Vista, Art akiwa mmoja wa wauliza maswali. Lakini Pulitzer hainunui matangazo. Maduka ya jamaa yalikuwa yanakufa, na maduka makubwa ya mnyororo, Walmart na wenzake, hayahitaji gazeti la mji. Matangazo madogo ya kuuza baiskeli na nyumba yalihamia Facebook. Kufikia mwaka 2022 Marekani ilikuwa imepoteza magazeti karibu 2,500 tangu 2005, mengi yao ya juma, ya miji midogo sawa huu.

Kusini kidogo, ndani ya mji wa Carroll, kulikuwa gazeti lingine la jamaa, Carroll Times Herald, mikononi mwa familia ya Burns kwa vizazi. Ripota wao aliandika juu ya polisi mmoja wa mji na mahusiano yake na wasichana wadogo. Polisi akashitaki gazeti. Mwaka 2018 gazeti likashinda, korti ikasema habari ni za kweli. Lakini kushinda kuliwaachia pengo la karibu dola 140,000, pamoja na matangazo yaliyopotea. Wakalazimika kuomba msaada kwa watu mtandaoni. Mwaka 2022 familia ikauza gazeti.

Kati ya hapo Covid ikafika. Mwezi wa 3 mwaka 2020 maduka yakafunga, matangazo yakakauka karibu kwa siku moja. Na ni wakati uleule mji ulihitaji gazeti kuliko wakati wote, juu ugonjwa uliingia abatwari. Wafanyakazi wanasimama bega kwa bega, hewa ya baridi, lugha 20 na zaidi, wengi wanaogopa kulalamika. Mwezi wa 5 serikali ya jimbo ikathibitisha kwamba kwa wafanyakazi 2,517 wa kiwanda cha nguruwe cha Tyson pale Storm Lake, 555 walikuwa na virusi. Gazeti lilikuwa linauliza zile hesabu kabla hazijatolewa. Tyson ni mwajiri mkubwa wa mji, mtaelewa uzito wake. Filamu ya ukweli iliyotoka mwaka 2021, yenye jina la mji, inaonyesha ile jamaa ndani ya hizo siku, na Tom kijana wa rika letu akijiuliza kama hii kazi ya baba inaweza kumuwekea maisha.

Kuokoka kwao kulitoka mahali hawakupanga mwaka 1990. Art, Doug Burns wa Carroll, na wenzao, akiwemo Lorena López mwenye kuchapisha gazeti la Kihispania, La Prensa, wakaunda mfuko, Western Iowa Journalism Foundation. Mtu akitoa pesa kwa ule mfuko, anahesabiwa sawa mtu mwenye amesaidia kazi ya wema, kodi yake inapungua. Mfuko unasaidia magazeti ya jamaa kulipa waandishi. Kwa maneno mengine, biashara ya familia sasa inapumua nusu kwa mapafu ya mchango. Kuko wenye wanasema hiyo si biashara tena. Mimi naona hivi: redio za jamii zetu zimeishi kwa misaada muda mrefu, na swali la Tom ni lilelile, nani analipa, na jina lake liko wazi au limefichwa? Kwenye mfuko wa magazeti, tofauti na ule wa mavoka, mtu anaweza kuuliza na kujibiwa.

Mwaka 2022 Wacullen wakanunua Pilot Tribune, yule mshindani wa zamani. Kwa miaka zaidi ya 30 mji mmoja mdogo ulikuwa na magazeti mawili yenye kupigania tangazo moja la duka la vyakula. Sasa limebaki moja, na wakaunganisha majina: Storm Lake Times Pilot. Kushinda kwa namna hiyo ni kuzuri kwa hesabu, lakini sijui kama Art amelala vizuri siku ile. Mtu wa gazeti anapenda kuwa na mpinzani mlangoni, hata akimchukia.

Kuhusu mto, mwezi wa 6 mwaka 2025 wakaaji wa Des Moines na miji ya jirani walikatazwa kumwagilia majani ya mbele ya nyumba zao. Haikuwa ukame. Mvua ilikuwa imenyesha, nitrati ndani ya mito ilikuwa imepanda mpaka karibu na uwezo wa mashine, na kila litre ya maji safi ilibidi iachiwe watu wa kunywa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa sababu hiyo. Art Cullen alikuwa bado anaandika juu yake.